Utayari wa Viwanda Haupimwi Dar es Salaam

Kila ujumbe wa wawekezaji unapotua, tunaambiwa Tanzania iko tayari. Ushahidi ni uleule: sheria zimerekebishwa, misamaha ya kodi ipo, nafasi yetu katika orodha za dunia imepanda. Wengi wameamini kwamba hayo yakikamilika, viwanda vitafuata vyenyewe. Imani hiyo ni potofu, na Bonde la Kilombero limekwisha kuilipia.

Tuanze na orodha. Ripoti ya Benki ya Dunia ya urahisi wa kufanya biashara, toleo la 2020, ilituweka nafasi ya 141 kati ya nchi 190. Septemba 2021 benki hiyohiyo iliifuta kabisa, baada ya kubainika kuwa takwimu za baadhi ya nchi zilichezewa. Na hata zingekuwa safi, kwetu kilichopimwa kilikuwa Dar es Salaam. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara, katika Bonde la Kilombero, hakuulizwa kitu.

Huyu ndiye mwekezaji wetu wa kwanza, na yuko kazini tayari. Bwawa la Kidatu, mlangoni mwa bonde hili, limekuwa likipeleka umeme kwenye gridi ya taifa tangu 1975. Kihansi, ndani ya bonde lenyewe, inazalisha megawati 180. Lakini kituo cha kupoza umeme cha Ifakara kilizinduliwa Agosti 2024! Miaka yote hiyo watu walikoboa kwa umeme unaoyumba, mota zikiungua katikati ya msimu. Barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 67 hivi, nayo ilizinduliwa mwaka huohuo. Kabla yake, masika yakikaza, lori la mchele lililala kwenye tope, na gharama ikarudishwa kwa mkulima kupitia bei ya gunia, na lumbesa, ule ujazo wa kupita kiasi, juu yake.

Nitajibiwa kwamba mwekezaji mkubwa ndiye huvuta barabara na umeme. Mngeta, humuhumu bondeni, tulimpata. Kampuni ya Kilombero Plantations ilipewa zaidi ya hekta 5,800, ikapata mikopo ya nje na sifa kama mfano wa SAGCOT, mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini uliozinduliwa 2010. Umeme ilijijengea yenyewe kwa maji ya mto. Kisha, mwanzoni mwa 2013, serikali ikaruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru, na bei ikaporomoka. Mkulima mdogo aliyekuwa na magunia ghalani aliumia vilevile, ila yeye hakuwa na wa kumsikiliza. Kufikia 2019 kampuni ilikuwa imeshindwa kulipa mikopo yake. Ardhi, sheria na misamaha havikuiokoa, kwa sababu uamuzi mmoja wa ghafla wa soko ulivunja hesabu za kila mtu bondeni.

Kwa hiyo tupime wilaya kwa wilaya. Umeme ulikatika saa ngapi Ifakara wakati wa mavuno? Gunia moja kutoka Mlimba hadi Dar es Salaam linasafirishwa kwa shilingi ngapi, kwa lori na kwa reli ya TAZARA? Mkulima anajulishwa miezi mingapi kabla ya vibali vya mchele wa nje kutolewa? Takwimu hizo zichapishwe kila mwaka, na zianze kusomwa kwa wenye mashine za Ifakara kabla hazijapelekwa kwa mgeni yeyote.