Kwenda kwa mshauri si wazimu

Vijana wenzangu wa Nakivale, tuache kusema, "Yule anaenda kwa mshauri, kichwa kimeharibika." Mimi nilienda. Usiku nilikuwa nasikia risasi, kumbe ni mvua kwenye mabati. Mshauri akalaza kamba chini: "Hii ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Weka ua kwa siku njema, jiwe kwa siku mbaya." Nikasimulia jiwe moja moja, polepole, mpaka yale ya zamani yakakaa zamani.

Utafiti wa tiba hii ya kusimulia maisha ulifanyika hapahapa Nakivale, ukachapishwa 2008. Washauri walikuwa wakimbizi waliofunzwa, si madaktari. Basi ninyi wa mashirika, tusingojee tu daktari kutoka Kampala. Tufunzeni na sisi.

Na ninyi makaka, twendeni. Kunyamaza siyo uanaume.