Polisi wasiachiwe ufunguo wa ushahidi

Mhariri,

Usiku wa Juni 7, 2025, mwalimu Albert Ojwang aliingizwa seli katika Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi akiwa hai. Kulipokucha alikuwa maiti. Alikuwa amekamatwa Homa Bay na kusafirishwa hadi jiji kuu kwa sababu ya maneno ya mtandaoni yaliyomhusu naibu wa inspekta jenerali wa polisi.

Polisi walisema amejigonga kichwa ukutani. Mwanapatholojia wa serikali, Dkt Bernard Midia, alikuta mengine: majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na michubuko sehemu nyingi za mwili. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akaishia kuomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya kwanza. Watu sita walishtakiwa kwa mauaji, watatu wao maafisa wa polisi.

Wapo watakaosema basi, mfumo unafanya kazi. Hawajasikia yaliyoelezwa maseneta na IPOA, yaani Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi: kamera za CCTV za kituo hicho zilikuwa zimechezewa. Na chumba cha kamera hakifunguliwi na mchuuzi wa barabarani.

Mamlaka hiyo ilizaliwa kwa machungu. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Sheria ya IPOA ikapitishwa mwaka 2011. Sheria ya polisi ya mwaka huohuo inamtaka askari aliyetumia nguvu zikaua mtu au kumjeruhi vibaya atoe taarifa, na IPOA ijulishwe mara moja. Ni agizo zuri, ila linamtegemea mtuhumiwa ajishtaki. Kitabu cha matukio ni cha polisi, rejista ya bunduki ni ya polisi, na anayefika wa kwanza penye maiti ni polisi. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Watu wa Kwale wanalijua hili kitambo. Agosti 2014, huko Kinango, polisi waliokuwa wakimsaka jamaa mmoja walimpiga risasi msichana wa miaka 14 ndani ya nyumba, wakadai amewatokea na panga. Ilibidi kaburi lifukuliwe ili mwili upimwe upya. Februari 2016, Mahakama Kuu ya Mombasa iliwafunga maafisa wawili miaka 7 kwa kuua bila kukusudia, hukumu ya kwanza kutokana na uchunguzi wa IPOA. Kaburi ndilo lililotoa ushahidi, kituo hakikutoa.

Dawa ilikwisha kuandikwa. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, watu wasio polisi, ambao kazi yao ni kushughulikia vifo vya ghafla, vya kikatili na vya walio kizuizini. Ojwang alipokufa, miaka minane baadaye, huduma hiyo ilikuwa bado ni karatasi tu.

Mwanasheria Mkuu na kamati za usalama za Bunge na Seneti wawajibu wananchi hadharani: wachunguzi hao wanaajiriwa lini, na fedha zao zimo katika bajeti ya mwaka gani?

Msomaji wako,
Mombasa