MAONI YA SOKO: Fedha iko kwenye maji kabla hayajafika ziwani

Kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia, wafanyabiashara wa Bariadi huulizana swali moja: je, msimu utakuwa mzuri? Wengi hulitazama Ziwa Victoria. Maji yakiwa juu, mkopo wa pembejeo hutolewa bila wasiwasi. Safu hii inaona kuwa desturi hiyo ina hasara, na kwamba ziwa la kutufundisha biashara liko upande wa pili, nalo ni Eyasi.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga, umegawanywa na mwinuko wa ardhi. Mto Simiyu na tawi lake la Duma humwaga maji Ziwa Victoria. Kwa upande wa Meatu, mto Semu na mto Sibiti huelekea Ziwa Eyasi, ziwa la magadi lililo katika Bonde la Ufa, ambalo halina mto unaotoka. Maji yakishaingia Eyasi, njia ya kutoka ni moja tu: kupanda angani kwa jua. Chumvi hubaki. Ndiyo maana ziwa hilo hujaa miaka ya mvua nyingi, na miaka ya ukame huwa uwanja mweupe ambao mtu huvuka kwa miguu.

Wapo wanaodhani kuwa ziwa huleta mvua kwa majirani wake wote. Sivyo. Ziwa likiwa na maji hupoza hewa na kuleta upepo mwanana mchana, lakini faida hiyo huishia karibu na ufuko. Ziwa dogo la nyika haliwezi kuigeuza nyika iliyolizunguka. Aidha, likikauka, sakafu yake huchemka na vumbi la chumvi hupeperushwa. Mimea inayostahimili ni ile iliyozoea shida: nyasi za chumvi ufukoni, miswaki, kisha migunga na mibuyu.

Hata Ziwa Victoria, lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800, haligawi sawa. Upepo wa mashariki husukuma unyevu upande wa magharibi. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati sehemu kubwa ya Simiyu hupata kati ya 600 na 900. Mwezi Mei 2020 ziwa lilifikia kina ambacho hakijaonekana tangu 1964, lakini vuli ya 2021 ilikuwa mbaya sehemu nyingi za kaskazini mwa nchi. Kina cha ziwa ni taarifa ya mvua iliyokwisha kunyesha. Anayekopesha kwa kukitazama anasoma hesabu za mwaka jana.

Sasa tutazame walikofaidika. Vitunguu vya Mang'ola vinajulikana katika kila soko. Vinalimwa karibu kabisa na Eyasi, lakini havinyweshwi maji ya Eyasi. Vinanyweshwa chemchemi zitokazo nyanda za juu za Ngorongoro, zikakamatwa kabla hazijafika kwenye magadi. Tofauti ya shamba la fedha na jangwa la chumvi pale ni mwendo mfupi tu wa mfereji.

Somo hili linatuhusu. Lambo la kawaida huku kwetu ni Eyasi ndogo: pana, la kina kifupi, lililo wazi kwa jua. Katika nyika kama yetu, maji yaliyo wazi hupoteza karibu mita mbili kwa mwaka. Lambo la hekta moja hivyo hupoteza mita za ujazo 20,000. Kwa lita 30 kwa siku, hayo yangenywesha ng'ombe zaidi ya 1,800 kwa mwaka mzima. Lambo la kina cha mita mbili na nusu, kwa hiyo, linachimbwa kwa ajili ya jua. Fedha ileile ikichimba kina kirefu na eneo dogo, maji yatavuka kiangazi.

Hali kadhalika kilimo cha umwagiliaji. Udongo mweusi wa mbuga hautoi maji haraka. Ukimwagiwa bila mitaro ya kutolea maji, chumvi hupanda juu. Pamba huvumilia chumvi kiasi; dengu na vitunguu havivumilii. Mwekezaji anayenunua pampu asinunue kabla ya kupima maji na udongo.

Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Busega, Bariadi na Itilima, ulioidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, ni jambo jema. Lakini bomba halitafika kila shamba, wala Meatu isisahauliwe.

Ushauri wetu kwa msomaji mwenye mtaji mdogo ni huu. Kabla ya kukopesha mkulima au kuingia ubia wa mifugo, usiulize ziwa limejaa kiasi gani. Uliza lambo lina kina gani, maji yake yana chumvi kiasi gani, na mwezi wa Septemba mwaka jana lilikuwa na nini ndani. Asiyeweza kujibu la tatu, subiri kwanza kufungua mkoba.