Rangi Isiyofutika
Kundi la watalii likiingia karakana ya maonyesho ya kiwanda cha kauri cha Meissen, Ujerumani, hupitishwa chumba hadi chumba, toka kwa mfinyanzi hadi kwa wachoraji. Ningekuwa kiongozi wao, ningewachelewesha kwa mchoraji wa buluu. Sahani iliyo mbele yake imechomwa mara moja tu, haijapakwa dawa ya kung'arisha, hivyo inafyonza rangi papo hapo. Mkono ukiteleza, basi tena. Na kobalti, ambayo ndiyo rangi yenyewe, haitoi ubuluu wake mpaka ipite kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,400 hivi. Kuhusu Augustus, mtawala wa Saxony aliyeanzisha kiwanda mwaka 1710, maneno machache yanatosha. Wa kuelezwa kwa kirefu ni Johann Friedrich Böttger, kijana aliyejigamba kwamba anajua kutengeneza dhahabu, akawekwa kizuizini aitengeneze kweli, na badala yake, kwa msaada wa mwanasayansi Tschirnhaus, akaibuka na kauri, siri ambayo Wachina walikuwa nayo kwa karne nyingi. Shukrani yake? Uhuru aliupata 1714, akafa 1719 akiwa na miaka 37. Halafu wageni wanafika dukani wanalalamikia bei ya kikombe, wakati hata zile panga mbili za chini yake, alama ya kiwanda, zimechorwa kwa mkono.