Utitiri uko bandani, acheni kuwamwagia kuku dawa ya pamba

Ndugu mfugaji, wiki hii nimemkuta mama mmoja amewapulizia kuku wake wote dawa ya wadudu wa pamba. Watatu wamekufa, na mayai yako kwenye trei yanamsubiri mchuuzi. Nilipomuuliza akasema, "Sasa bwana mifugo, si utitiri unaisha?"

Hauishi. Niseme bila kumung'unya maneno: tunawaadhibu kuku kwa kosa la banda. Utitiri mwekundu haushindi mwilini mwa kuku. Mchana hujificha kwenye nyufa za ukuta, chini ya vichanja na kwenye majani ya viota. Usiku hutoka, hunyonya damu, hurudi. Ndiyo maana kuku wanagoma kuingia bandani jioni, anayeatamia anakimbia mayai, na upanga wa kichwani unapauka. Saa tatu usiku chukua tochi, pitisha kitambaa cheupe chini ya kichanja. Kikitoka na madoa mekundu, umeshampata mwizi.

(Nilipoanza kazi niliwahi kushauri watu wawapake kuku mafuta ya taa. Nilikosea.)

Toa kuku na vyombo vyote. Choma majani ya viota, mwaga maji yanayochemka kwenye kila ufa, ziba kwa udongo, paka chokaa. Rudia baada ya siku saba, kwa sababu kwenye joto yai la utitiri huwa mdudu mzima ndani ya wiki hivi. Kuliacha banda tupu wiki mbili ni kujidanganya. Utitiri hukaa miezi bila kula. Dawa ikihitajika, iwe iliyoandikwa kwenye lebo kuwa ni ya kuku, na usome siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai.

Mwaka 2017, Uholanzi na Ubelgiji, mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani kwa sababu mabanda yalipuliziwa fipronili, dawa isiyoruhusiwa kwa mifugo ya chakula, ili kuua utitiri huuhuu. Wenzetu walipima. Mayai ya gulioni kwetu nani anayapima? Wanaoyala ni watoto wetu.

Na wewe mchuuzi, usijitoe. Tenga lako na trei zako ndizo zinazosafirisha utitiri banda hadi banda. Limwagie tenga maji ya moto kabla ya kwenda kijiji kingine. Na kabla ya kulipa, muulize mwenye kuku alipulizia nini na lini. Akikutajia dawa ya pamba, mwachie mayai yake.