NYIRAGONGO SI SHETANI



Kuna neno moja ambalo tunalisikia sana huku Kivu, na sasa limekuwa kama wimbo wa watoto: « Nyiragongo ni shetani. » Linasemwa mu mahubiri, linasemwa ku soko, linasemwa hata na wanafunzi wa sekondari ambao asubuhi walijibu vizuri mtihani wa jeografia. Usiku mlima ukiwaka, mawingu yakigeuka mekundu juu ya Goma, mutu anaonyesha kidole: « Angalia, ile shetani imeamuka. »

Tunaandika kurasa hizi ili kulipinga neno hilo. Si kwamba tunaupenda moto ule; nani huku kwetu anaweza kuupenda? Tunalipinga juu ya sababu mbili. Kwanza, si hivyo wazee wetu walivyosimulia. Pili, neno hilo limekwisha kuleta hasara kwa watu, na litaendelea kuileta tukiliacha.

1. Alitoka wapi?

Tuanze na hadithi yenyewe, maana wengi wanaomhukumu Nyiragongo hawajaisikia hata siku moja.

Milima ya Virunga iko nane. Kwa wazee haikuwa mawe matupu, ilikuwa kama mtaa wenye wenyeji wake. Karisimbi, mlima mrefu kuliko yote, wa metre 4507, ambao kichwa chake hupata weupe wa baridi, ulikuwa makao ya Lyangombe, mkubwa wa mizimu inayoitwa imandwa. Nyiragongo, wa metre 3470, ulikuwa makao ya adui yake. Habari za Lyangombe zinajulikana Rwanda, Bushi, Buhavu, Buhunde na pande zingine za Maziwa Makuu, na kila mahali wana ginsi yao ya kuzieleza. Hakuna mtu anayeweza kusema: yangu ndiyo ya kweli, yenu ni ya uongo.

Simulizi moja lililoandikwa tangu siku za wakoloni linasema hivi. Lyangombe na Nyiragongo waligombana. Lyangombe akatwaa upanga wa moto, akapasua mlima, akamtupa adui yake ndani. Kiisha akarundika mawe ya moto juu yake ili asitoke tena. Ni kwa sababu hiyo mlima unawaka.

Sasa tusome polepole kama tunavyowafundisha wanafunzi. Upanga wa moto ulikuwa mkononi mwa nani? Mwa Lyangombe, yule shujaa. Mawe ya moto yalirundikwa na nani? Na Lyangombe yule yule. Kumbe mbaya wa hadithi hakuzaliwa na moto! Moto alifunikwa nao na yule aliyemshinda. Amefungwa ndani yake, ameuzoea, na leo kila anapojigeuza gerezani sisi tunaona lava. Shetani wa mahubiri hana historia ya namna hii. Nyiragongo anayo: alikuwa na makao, alikuwa na ugomvi, alishindwa, akafungwa.

Na jina lake je? Mu Kinyarwanda na lugha za jirani, Nyira- ni mwanzo wa majina ya wanawake. Hata mama yake Lyangombe, mu hadithi, anaitwa Nyiraryangombe. Kuna wanaomsimulia Nyiragongo kama mwanaume, lakini jina lenyewe linamuita mama.

Tena, Lyangombe naye hakuwa malaika. Ni mwindaji, ni mchezaji wa igisoro, ni mpenda wanawake. Mama yake alimkataza kwenda kuwinda, akakaidi, na siku ile akauawa na nyati. Wazee hawakutupa hadithi ya mwema mtupu na mubaya mutupu. Walitupa watu wawili wenye nguvu, wenye kasoro, wanaogombana juu ya vichwa vyetu.

2. Tabia yake

Mutu akituuliza Nyiragongo ana tabia gani, sisi tutajibu: ni mchokozi, na ana subira. Usiku anachezea mawingu kama mtoto aliyeiba taa. Asubuhi anajifunika ukungu, kana kwamba hakufanya kitu. Miaka inapita, watu wanazaa, wanajenga, wanapanda maharagwe mpaka ubavuni mwake, na wanasema: « Ule amezeeka. » Kiisha siku moja anatoka, na hatoki kwa mlango unaolindwa.

Hapa hadithi na elimu vinakutana, na tunaomba msomaji aangalie vizuri. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, ziwa la lava lililokuwa juu mu shimo halikumwagika kwa kinywa cha mlima. Mlima ulipasuka ubavuni, na ziwa lote likatoka kwa muda usiofika saa moja. Vijiji vya chini vilikutwa na moto mbele ya watu kujua ni nini. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, tena ni ubavu uliopasuka. Lava ikapita katikati ya mji wa Goma, ikala sehemu ya uwanja wa ndege, ikaangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia mu ziwa Kivu. Watu laki tatu na zaidi wakakimbia, wengi kuelekea Gisenyi. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho magaribi, tena ni ubavu. Lava ikafika Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu karibu 30 walikufa, maelfu ya nyumba zikaungua, na mamia ya watoto wakapotezana na wazazi wao mu mbio ya usiku.

Mara tatu, tabia ni moja. Mfungwa huyu haruki ukuta, anautoboa pembeni. Wataalamu wanatueleza kwa maneno yao: miamba ina nyufa, na lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana, inatiririka upesi kuliko lava ya milima mingi. Mzee aliyesimulia gereza la moto na mtaalamu anayepima nyufa hawasemi kitu kimoja, hatutaki kudanganya. Lakini wote wawili wanatuonya namna moja: usiangalie juu tu, angalia ubavu.

Kuna pia mazuku. Neno hilo la Kiswahili chetu limekwenda mbali, leo wataalamu wa inchi zingine wanaliandika mu vitabu vyao bila kulitafsiri. Mazuku ni hewa ya kaboni inayotoka mu ardhi. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inakusanyika mu mashimo na mabonde madogo, zaidi sana usiku na asubuhi mapema wakati upepo haupo. Haionekani. Mbuzi anashuka kula majani, anaanguka. Mtoto anashuka kumfuata mbuzi, anaanguka naye. Mkubwa anashuka kumtafuta mtoto. Uchokozi gani unapita ule?

Lakini mchokozi huyu huyu ametupa udongo unaozaa maharagwe na viazi, na ametupa mawe meusi ya kujengea nyumba na kuta za Goma. Watu walioishi chini yake tangu zamani, Bakumu wa Bukumu mbele ya wengine, walijifunza kuishi na jirani mbaya. Shetani hatuishi naye, tunamkemea tu. Jirani mbaya tunamchunguza: leo ameamuka vipi, moshi wake uko namna gani.

3. Nani alimgeuza shetani?

Wamisionari walipofika, mwanzo wa karne ya 20, walikuta watu wengi wamepandwa kwa Lyangombe. Waliopandwa walitumaini kwamba wakifa watakwenda Karisimbi. Wasiopandwa waliambiwa kwamba watakwenda mu moto wa Nyiragongo. Wamisionari waliona ibada ile ni mshindani wao, wakaipiga vita. Wakaiita ya kishetani. Na mu vita ile hawakuwa na wakati wa kutofautisha: Lyangombe na Nyiragongo, mshindi na mshindwa, wakatiwa mu gunia moja na jina moja likaandikwa juu yake.

Hatuwalaumu mapadri wale kwa yote. Ni wao pia walioandika hadithi nyingi ambazo leo zingekuwa zimepotea. Tunalaumu zaidi wahubiri wa siku hizi, watoto wa inchi hii, ambao hawakusoma maandishi yale na hawakuuliza bibi zao, lakini wanasimama mbele ya umati na kusema eti wamezungumza na shetani wa mlima. Wanajaza viti kwa moto ambao hawaujui.

4. Hasara yake

Hasara ya kwanza: shetani anahitaji watumishi. Ukisema mlima una shetani, kesho watu watauliza, nani anamtumikia? Na jibu tunalijua, halibadiliki: ni mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea, ni mtoto yatima anayekojoa kitandani. Mtoto amekufa mu mazuku, na badala ya kufunika shimo kwa mawe, wanatafuta mchawi mu avenue. Katiba yetu ya 2006, mu artikle ya 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi na inasema sheria inaadhibu. Ni wahubiri wangapi wanaoijua artikle hiyo?

Hasara ya pili: shetani hana ofisi na hawezi kuitwa mu tribinali. Basi ni msaada mkubwa kwa wakubwa. Mu 2002, wataalamu wa Goma walikuwa wameona dalili mbele ya mlipuko, nani aliwasikiliza? Mu 2021, ofisi ya kuchunguza volkano, OVG, ilikuwa imetoka kupitisha miezi mingi bila pesa za kutosha, hata intaneti ya kupokea habari za vyombo vyake ilikatika, baada ya msaada wa Benki ya Dunia kwisha mu 2020. Siku ile ya mwezi wa tano hakuna aliyetuonya. Siku tano nyuma, ndipo amri ikatoka ya kuhamisha kartie kumi za Goma, na watu wakajaa barabara ya Sake kwa miguu. Kama kosa ni la shetani, hakuna wa kuulizwa juu ya zile pesa. Tunasali, tunajenga tena pale pale, tunangojea.

5. Tunajibu wanaotupinga

Wengine watatuambia: « Nyinyi walimu munataka turudishwe ku kubandwa. » Hapana. Wengi kati yetu tunasali, na hatuombi mtu yeyote aende Karisimbi. Hatusahau pia kwamba ibada ile ilikuwa na upande wake wa kutisha: kumwambia mtu usipopandwa utaungua ni namna ya kumshika, na zawadi ilitolewa. Lakini kujua hadithi si kuiabudu. Tunawafundisha wanafunzi Zeus na Prometheus wa Wagiriki bila mtu kuogopa kwamba watajenga hekalu. Juu ya nini Nyiragongo peke yake atiwe mu marufuku, mbele ya watoto wanaoona moto wake ku dirisha?

Wengine, wenzetu wenye diploma, watasema kinyume: « Acheni hadithi. Jeografia inatosha. » Kwa hao tunajibu kwa upole. Jeografia ya vitabu vingi tulivyonavyo inamfundisha mtoto majina ya milima ya Ulaya, na inapita haraka ku mlima ulio mbele yake. Na mtoto anayesikia kila juma kwamba mlima ni shetani hataacha neno hilo juu ya mchoro mmoja ubaoni. Hadithi hushindwa na hadithi. Mpe mfungwa aliyefunikwa mawe ya moto, anayetoboa ukuta pembeni, atamkumbuka. Kiisha mpe mchoro wa nyufa, ataelewa.

6. Tunaomba nini?

Tunaomba mambo matatu, si makubwa. Kila mwalimu wa Kiswahili, Kifaransa ao historia awatume wanafunzi wake kwa wazee: waandike hadithi ya Nyiragongo kama inavyosimuliwa nyumbani kwao, kwa lugha ya kwao, bila kusahihisha. Wazee wanapungua kila mwaka. Mwalimu wa jeografia achukue hadithi hizo na kuzifungua kando ya karte ya lava za 1977, 2002 na 2021. Na viongozi wa makanisa, ambao sauti yao inafika mbali kuliko yetu, watangaze ku mimbari zile rangi za hatari za volkano na mahali pa mazuku, kama wanavyotangaza ndoa.

Wazee walimfunga Nyiragongo mu hadithi ili watoto wajue anakaa wapi na namna gani anatoka. Sisi tumemfungua, tukampa jina la yule anayekaa popote. Tumrudishe mlimani kwake, tumwite kwa jina lake, na tulipe wale wanaomlinda.