Bahari Kuu Darasani: Barua kwa Walimu wa Pwani

Kwa walimu wa shule za pwani, kutoka Lamu hadi Mtwara, Unguja na Pemba. Kutoka Rhode Island, Marekani.

Meli ya utafiti wa bahari ina vitanda vichache. Hata zile kubwa hujaa upesi, kwa sababu mabaharia, mafundi na wapishi nao wanahitaji pa kulala, na nafasi zinazobaki hugombewa na wanasayansi. Mwanafunzi wa darasa la sita hana lake humo. Ndiyo maana tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 imejengwa njia ya kumfikisha baharini bila kumpandisha melini. Picha, sauti na vipimo hutoka chini ya bahari na kufika darasani papo hapo, na swali la mwanafunzi hufika melini kazi ikiwa bado inaendelea. Sehemu hii ya pili ndiyo yenye uzito. Filamu ya bahari, hata ikiwa nzuri namna gani, imekwisha kupigwa na kukatwa, na anayeitazama hawezi kumwambia mpiga picha arudi nyuma kidogo. Mwanafunzi aliyeunganishwa na meli anaweza.

Aliyeisukuma njia hii kuliko wengine ni Robert Ballard, mtafiti wa Marekani aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa safari ya Wafaransa na Wamarekani iliyoyapata mabaki ya meli ya Titanic, Septemba 1985. Baada ya habari hiyo alipokea maelfu ya barua za watoto wa shule waliotaka kujua alivyofanya, na wengi walitaka kwenda naye safari nyingine. Jibu lake lilikuwa mradi alioupa jina la JASON. Mwaka 1989 mradi huo ulirusha kwa satelaiti matangazo ya moja kwa moja kutoka Bahari ya Mediterania hadi kwenye kumbi za makumbusho Amerika ya Kaskazini, ambako wanafunzi walikaa mbele ya skrini kubwa na kuona roboti ikifanya kazi chini ya maji.

Mitambo yenyewe inaeleweka bila shida ikifuatwa kuanzia chini kwenda juu. Maji ya bahari hayapitishi mawimbi ya redio, kwa hiyo roboti haiwezi kutuma picha kama simu inavyofanya hewani. Hufungwa kwenye waya mrefu wenye nyuzi za kioo ndani yake, na picha hupanda kwa mwanga kupitia nyuzi hizo hadi melini. Kwenye meli ya serikali ya Marekani iitwayo Okeanos Explorer hutumika vyombo viwili pamoja. Cha juu, Seirios, huning'inia kwenye waya wa meli na kupokea mitikisiko yote ya mawimbi. Cha chini, Deep Discoverer, kimeunganishwa na cha juu kwa waya uliolegea, na hivyo hutulia karibu na sakafu ya bahari hata juu kukiwa na dhoruba kiasi. Chombo hiki kinaweza kushuka hadi mita 6,000. Meli nayo haitii nanga katika kina kama hicho. Kompyuta huziendesha pangaboi zake na kuishikilia mahali pamoja kwa muda wote wa kazi.

Kutoka melini safari ya picha ni ndefu zaidi. Antena iliyofunikwa kwa kuba jeupe hujizungusha yenyewe kila meli inapoyumba, ili isiikose satelaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Umbali huo pekee hulifanya swali na jibu lake vichelewe kama nusu sekunde, na ufungaji wa picha huongeza sekunde nyingine. Mwalimu anayelijua hili huwaambia wanafunzi mapema, waulize kisha wasubiri, wala wasirudie swali wakidhani halikusikika.

Hapa Rhode Island, katika chuo kikuu cha jimbo, kiko kituo kinachoitwa Inner Space Center ambacho kazi yake ni kupokea matangazo hayo na kuyasambaza. Ukuta mzima ni skrini. Mbele yake hukaa watu wanaoongea na meli kama walioko chumba cha pili, na wanasayansi waliobaki nyumbani huitwa kwa simu pale kinapoonekana kiumbe wasichokijua waliopo baharini. Jambo hili lilijaribiwa kwa uzito mwaka 2005, katika utafiti wa Lost City, chemchemi za maji moto chini ya Bahari ya Atlantiki. Mwanasayansi mkuu Deborah Kelley na wenzake wengi hawakuwa melini. Walikuwa Seattle, upande wa pili wa bara, na kutoka huko waliongoza kazi ya roboti. Kama bingwa wa fani anaweza kufanya utafiti wake akiwa nchi kavu, hakuna sababu ya kudhani mwanafunzi aliye nchi kavu anapata makombo.

Anachopata ni hesabu na sayansi zikiwa kazini. Roboti nyingi hutupa nukta mbili za mwanga wa leza mbele ya kamera, ambazo mara nyingi huachana sentimita 10. Rubani anaposimamisha chombo mbele ya tumbawe, nukta hizo hutua juu yake, na darasa lenye rula linaweza kupima kwenye skrini, kufanya uwiano na kupata urefu halisi wa kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukiona. Mtoto anayelalamika kwamba uwiano hauna kazi duniani hupata jibu lake hapo.

Bahari nayo haifuati ratiba, na hilo ni faida. Aprili 2015, roboti Hercules ya meli Nautilus ilikuwa kwenye kina cha mita 598 katika Ghuba ya Mexico, pwani ya Louisiana, pale nyangumi mwenye meno, wa aina inayozama kina kirefu kuliko nyangumi wengi, alipotokea gizani akaizunguka. Waliokuwa wakiongoza walipiga kelele za furaha, na watazamaji walizisikia kama zilivyo. Mwanafunzi akiona mtaalamu mzima anashangaa, anajifunza kwamba maarifa ya bahari hayajakamilika na kwamba nafasi yake ipo.

Mfano unaofaa kuangaliwa kwa makini zaidi unatoka Argentina. Julai na Agosti 2025 meli Falkor (too), ya taasisi ya Schmidt, ilichukua wanasayansi wa Argentina hadi kwenye korongo la bahari la Mar del Plata. Roboti SuBastian ilishuka karibu mita 3,900. Matangazo yalikuwa ya moja kwa moja na watu walijaa: makumi ya maelfu kwa wakati mmoja, watoto, wazazi na madarasa mazima. Kiti cha pweza mmoja aliyenona alipewa jina la utani na kuchorwa na watoto nchi nzima. Meli kama hizo zilikuwa zimerusha matangazo kwa miaka mingi bila msisimko wa namna hiyo. Tofauti ilikuwa wazungumzaji. Walikuwa watu wa nchi ileile, wakieleza bahari ya nchi yao, kwa Kihispania cha nyumbani kwao, na kujibu maswali ya watazamaji kwa lugha hiyo hiyo. Skrini na satelaiti ni sharti, lakini kinachomfunga mtoto kwenye kiti ni kusikia mtu kama mjomba wake au shangazi yake akimweleza kilicho chini ya maji anayoyaona kila siku.

Wala haihitajiki roboti. Meli ya kuchimba sakafu ya bahari, JOIDES Resolution, iliyomaliza kazi mwaka 2024, ilikuwa na desturi ya kuchukua mwalimu au mtu wa elimu katika safari zake. Mtu huyo alipita melini na kishikwambi mkononi, darasa likiwa upande wa pili wa simu ya video. Aliwaonyesha mnara wa kuchimbia, kisha mchi wa tope wa karibu mita tisa na nusu ukitolewa baharini, ukikatwa vipande vya mita moja na nusu, kisha kila kipande kikipasuliwa katikati kwa urefu, nusu ya kufanyia kazi na nusu ya kuhifadhi. Mwaka 2016 meli hiyo ilifanya kazi kwenye Mlango wa Msumbiji na mbele ya mto Zambezi, katika safari iliyoanzia Port Louis na kuishia Cape Town. Tope lile lina kumbukumbu za mvua na mikondo ya bahari ileile iliyo mbele ya Mtwara.

Upo pia mchezo wa kale wa mabaharia watafiti ambao hauhitaji hata intaneti. Wanafunzi huchora juu ya vikombe vya povu, vikafungwa kwenye chombo na kushushwa. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo kwenye mita 4,000 kikombe hubanwa mara 400 hivi. Kinarudi kidogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja cha mtoto, mchoro wake ukiwa kamili.

Katika Bahari ya Hindi ya magharibi, tangazo la moja kwa moja lililosikika zaidi ni la Shelisheli. Tarehe 14 Aprili 2019 Rais Danny Faure alihutubia dunia moja kwa moja akiwa ndani ya nyambizi, mita 124 chini ya maji, wakati wa safari ya shirika la Nekton, akitaka bahari ilindwe. Kwa Kenya na Tanzania vipande vingi vya kazi hii vipo tayari. Mikongo ya mawasiliano ya baharini ilifika Mombasa na Dar es Salaam tangu 2009. Baada ya sensa ya 2022, serikali ya Tanzania iligawa vishikwambi kwa walimu. Kenya ina meli ya utafiti, Mtafiti, iliyotolewa na Ubelgiji. Meli ya Norway, Dr Fridtjof Nansen, ilipima maji ya Tanzania mwaka 2018, na katika safari zake huwamo wanasayansi wa nchi husika, watu wanaoota ndoto kwa Kiswahili. Na chini ya maji ya Tanga anaishi silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na madinosari hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye majarife tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hifadhi ya bahari yenye jina lake ilitangazwa mwaka 2009. Watoto wanaokaa kilomita chache kutoka kwake wengi wamemwona kwenye picha tu, kama wamemwona.

Vikwazo ni vya kweli. Saa moja ya picha safi hula gigabaiti moja na zaidi, umeme hukatika, na projekta moja hugombewa na shule nzima. Saa nazo ni tatizo pale meli ikiwa Hawaii, kwa kuwa mchana wa huko ni usiku wa Pemba. Lakini meli iliyo Bahari ya Hindi huishi karibu na saa za shule za pwani, sauti peke yake hula data kidogo sana, na picha chache zinaweza kutumwa siku moja kabla. Nusu saa ya simu na mtafiti mmoja mwenye subira, baada ya wiki ya maandalizi darasani, inafundisha kuliko siku nzima ya kutazama video bila kuuliza. Maandalizi ndiyo yasiyorukwa: ramani ya njia ya meli ubaoni, maswali yaliyoandikwa na wanafunzi wenyewe, na mvuvi mmoja wa kijijini aalikwe akae nao, kwa sababu maswali yake yatakuwa bora kuliko ya kitabu.

Mwalimu anayetaka kuanza asisubiri mradi wa wafadhili. Aandike kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Unguja, au kwa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, iliyopo Mombasa, aulize mambo mawili tu: ni lini watafiti wanatoka tena baharini, na nani kati yao atakubali kupokea simu ya darasa.